Do Yako Iko Wapi? Sayansi ya Ngazi za Gitaa kwa Sikio Linaloanza

Mtu aliyesoma fizikia ya mawimbi hatakiwi kushindwa na mambo mawili: kueleza kwa nini uzi wa gitaa unalia, na kupiga wimbo wa siku ya kuzaliwa. La kwanza naliweza. La pili lilinishinda mbele ya keki na watoto wa uani.

Ilikuwa kwenye nyumba moja ya Kiswahili ya zamani iliyobaki katikati ya maghorofa, mitaa ya nyuma ya Mnazi Mmoja ukielekea Kariakoo. Gitaa nilikuwa nalo miezi miwili. Nilikuwa nimepakua mchoro wa ngazi, au skeli kama wapigaji wengi wanavyosema, nikaukariri kwa vidole: uzi wa tano, yaani uzi wa A, mtupu, halafu freti ya 2, 4, 5, 7, 9, 11, 12. Kupanda na kushuka, haraka, bila kuangalia. Nikajiona nimefika.

Basi nikaombwa nipige. Nikaanza na uzi mtupu. Mstari wa kwanza ukaenda, wa pili ukaenda, wa tatu ukaenda, na watoto wakawa wanaimba kwa nguvu. Mstari wa nne kidole kikakimbilia freti ya 11, kwa sababu mchoro ulisema 11. Wimbo ukavunjika. Mwenye keki, anayetimiza miaka saba, akanitazama kwa huruma: "Anko, hapo siyo."

Mtoto wa miaka saba alijua. Mimi, na shahada yangu ya pili, nilikuwa naangalia mchoro.

Pembeni alikuwepo mzee mmoja jirani, zamani alipiga gitaa la ridhimu kwenye bendi za dansi. Nikamwendea baadaye. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Vidole vyako havina shida, kijana. Do yako iko wapi?" Nikamwonyesha: "Hapa mzee, uzi mtupu." Akatikisa kichwa. "Imba wimbo mpaka mwisho. Usipige, imba. Halafu niambie umetua wapi."

Nikaimba. Nikaitafuta kwenye uzi wa tano ile sauti ya mwisho, pale ambapo wimbo unapumzika. Haikuwa uzi mtupu. Ilikuwa freti ya 5.

Swali hilo moja la mzee ndilo makala haya yote. Kama unaanza gitaa na unahisi ngazi ni mazoezi ya vidole yasiyo na maana, au umeshaambiwa "wewe huna sikio", kaa hapa dakika chache.

Freti inafanya nini hasa?

Uzi wa tano wa gitaa lililotuniwa kwa kawaida unatetema mara 110 kwa sekunde, yaani hezi 110. Ukiubonyeza, unaufupisha. Uzi mfupi unatetema haraka zaidi, na sikio linaisikia sauti ya juu zaidi. Jambo hili Mfaransa Marin Mersenne aliliandika kwa hesabu mwaka 1636: kwa uzi uleule na mkazo uleule, urefu ukiwa nusu, mitetemo inakuwa maradufu.

Chukua rula. Magitaa mengi yana uzi unaotetema wenye urefu wa sentimita 65 hivi. Freti ya 12 iko sentimita 32.5 kutoka mwanzo wa uzi kule kichwani, nusu kamili. Ukibonyeza hapo, uzi wa tano unatoa hezi 220. Ni sauti "ileile" lakini ya juu, kama mwanamke na mwanaume wanaoimba wimbo mmoja pamoja. Umbali huo unaitwa oktavu.

Sasa kati ya 110 na 220 kuna freti 12. Zimegawanywaje? Ukitazama shingo ya gitaa utaona freti hazilingani: za mwanzo ziko mbalimbali, za mbele zimebanana. Freti ya kwanza iko kama sentimita 3.65 kutoka mwanzo. Kutoka freti ya kwanza hadi ya pili ni kama sentimita 3.45 tu. Sababu ni kwamba fundi haongezi kiasi kilekile, anazidisha kwa kiasi kilekile. Kila freti inaizidisha mitetemo kwa 1.0595 hivi. Zidisha namba hiyo kwa yenyewe mara 12, unapata 2. Hapo ndipo oktavu inapofungwa.

Kwa hiyo hatua ya freti moja, ambayo wanamuziki wanaiita nusu hatua, ni ongezeko la karibu asilimia 6. Haijalishi uko wapi kwenye shingo. Shika hilo, maana sikio lako nalo linafanya kazi hivyohivyo: linapima uwiano, halihesabu hezi.

Ngazi ni umbali kutoka nyumbani

Ngazi ya kawaida ya do re mi ni namna ya kuchagua sauti saba kati ya zile 12. Ukihesabu kwa freti, hatua zake ni 2, 2, 1, 2, 2, 2, 1. Hatua fupi ziko mahali pawili tu: kati ya mi na fa, na kati ya ti na do ya juu.

Mimi nilikuwa nimekariri ngazi ambayo do yake ni uzi wa tano mtupu:

do 0, re 2, mi 4, fa 5, so 7, la 9, ti 11, do 12.

Lakini wimbo ule hauanzi na do. Unaanza na so, na do yake iko juu kidogo. Nilipouanzishia kwenye uzi mtupu, nikawa nimeufanya uzi mtupu kuwa so bila kujua, na do ikahamia freti ya 5. Ngazi sahihi kwenye uzi uleule ikawa hii:

so 0, la 2, ti 4, do 5, re 7, mi 9, fa 10, so 12.

Linganisha mistari hiyo miwili. Freti karibu zote ni zilezile! Tofauti ni moja tu: ya kwanza ina 11, ya pili ina 10. Ndiyo maana mistari mitatu ilinikubali na wa nne, unaoanza na fa, ukanikataa. Kidole kilikuwa sahihi kwa nyumba nyingine.

Kinachogeuza freti kuwa ngazi ni sauti moja ambayo nyingine zote zinaitegemea, ile ambayo wimbo ukitua hapo unasikia umefika. Mzee anaiita do, wengine wanaiita ufunguo, mimi naiita nyumbani. Ukihamisha nyumbani, freti zilezile zinabadilika tabia. Chukua sauti zote saba za do re mi, lakini zifanye zitue kwenye la badala ya do: unapata ngazi ndogo, ile yenye huzuni kidogo. Hakuna sauti iliyoongezwa. Nyumbani ndiko kumehama.

"Mimi sina sikio"

Hapa ndipo watu wengi wanapoachia gitaa. Mtu anapiga, inakosea, anaambiwa muziki ni kipaji na kwamba sikio mtu anazaliwa nalo. Gitaa linapanda juu ya kabati, na huo unakuwa mwisho wake.

Tuangalie ushahidi. Mwaka 2006 Christophe Micheyl na wenzake walichapisha utafiti uliopima uwezo wa kutofautisha sauti mbili zinazokaribiana. Walilinganisha wanamuziki wa klasiki wenye uzoefu wa zaidi ya miaka kumi na watu wasio wanamuziki kabisa. Mwanzoni wanamuziki waliwaacha mbali: tofauti ndogo kabisa waliyoweza kuisikia ilikuwa ndogo zaidi ya mara sita. Halafu kundi jingine la wasio wanamuziki likafanyishwa mazoezi ya kusikiliza. Ilichukua kati ya saa 4 na 8 tu kuwafikia wanamuziki. Kwa kazi hiyo moja, saa nane ziliziba pengo la miaka kumi.

Isomwe vizuri lakini. Haisemi kwamba kwa saa nane utakuwa mpiga solo. Inasema kwamba sikio la kusikia tofauti unalo tayari, na linanoleka. Nusu hatua ni asilimia 6, na watu wengi, hata wasio na mafunzo yoyote, husikia tofauti ndogo kuliko hiyo. Ni kweli wapo watu ambao ubongo wao hauichakati sauti ya muziki kama wengine. Hali hiyo ipo na inatafitiwa, ila ni ya wachache. Mtu anayesikia kwamba mwenzake kwenye kwaya "ametoka", au anayekereka redio ikiharibu wimbo anaoupenda, hayumo.

Kuna kitu kingine unacho bila kujua. Kumbuka wimbo wa taifa shuleni. Leo kiranja anauanzisha chini, kesho anauanzisha juu mpaka kwenye sehemu za juu shule nzima inakaza shingo. Hezi zote zimebadilika, hata moja haikubaki vilevile. Lakini hakuna aliyesema "huu wimbo siujui". Ubongo wako uliushika wimbo kwa umbali kati ya sauti na sauti. Hata watoto wachanga wanaweza hivyo. Wachache sana duniani wanaweza kusikia honi na kusema hiyo ni noti fulani bila kulinganisha na kitu. Huhitaji uwezo huo. Gitaa linahitaji sikio la umbali, na hilo ulilibeba tangu shule ya msingi.

Kinachokosekana ni majina. Unausikia umbali ila hujui unaitwaje, kama mtu anayeijua Kariakoo yote kwa miguu lakini hajui jina la mtaa hata mmoja. Mafunzo ya sikio kwa sehemu kubwa ni kubandika majina kwenye kitu unachokijua tayari.

Shule zetu za sikio

Kazi hiyo ya majina ina historia hapa kwetu. Katika karne ya 19, Mwingereza John Curwen, akiendeleza kazi ya mwalimu Sarah Glover, alieneza mfumo wa kuandika muziki kwa herufi za do re mi, ambapo do inahama kufuata wimbo. Wamisionari wakauleta Afrika, na mpaka leo kwaya nyingi za makanisa Tanzania zinajifunza nyimbo kwa herufi hizo. Enoch Sontonga wa Afrika Kusini, aliyetunga mwaka 1897 wimbo uliozaa wimbo wetu wa taifa, alitumia mfumo huohuo. Mwanakwaya anapouliza "do tunaichukua wapi?", anauliza swali la mzee wangu. Kwa hiyo kama umewahi kuimba sauti ya pili kanisani, umeshapita mafunzo ya sikio. Hukupewa cheti tu.

Shule ya pili ilikuwa dansi. Dar es Salaam ina bendi za dansi tangu miaka ya 1930, na Ukumbi wa Arnautoglo pale Mnazi Mmoja ni mmoja wa kumbi zilizochezesha jiji. Wapigaji walisikiliza santuri, zikiwemo za Kuba, wakazigeuza kwa Kiswahili. NUTA Jazz ilipoanza mwaka 1964 na Mlimani Park Orchestra mwaka 1978, gitaa la solo, la ridhimu na la besi yalikuwa yakizungumza kwa kupokezana, kila moja na njia yake. Sehemu hizo kwa kawaida hazikuandikwa kwenye karatasi. Zilitoka kwa mpigaji mmoja kwenda kwa mwingine, sikio kwa sikio.

Ndiyo maana naona jambo hili ni kubwa kuliko burudani yangu. Rekodi zipo, lakini rekodi haikuambii kidole kilikuwa freti gani. Wanaojua ni wazee wanaopungua kila mwaka, na sisi tunaokuja na michoro ya simu hatuna sikio la kupokea. Ubeti wa gitaa ambao hakuna sikio lililoupokea unabaki kusikika tu, haupigiki tena.

Freti siyo Msahafu

Tahadhari moja kabla ya mazoezi. Ukilelewa kwenye muziki mwingine, huenda sikio lako likasikia gitaa limekosea kidogo, na likawa na haki yake.

Uzi wa hezi 110 hautoi 110 peke yake. Ndani yake kuna pia 220, 330, 440, 550, 660, 770 na kuendelea. Watafiti wa muziki, akiwemo Gerhard Kubik, wameonyesha kwamba muziki wa Wagogo wa Dodoma, ule ambao marehemu Hukwe Zawose aliupeleka duniani kwa ilimba, unachota ngazi yake kwenye mfululizo huu wa asili, pamoja na ile sauti ya saba. Kwenye mfano wetu ya saba ni hezi 770. Gitaa halina 770. Freti ya karibu inatoa 784. Sikio la Mgogo likisema "hapo pamezidi", halijakosea. Limefundishwa ngazi nyingine. Vivyo hivyo taarabu ya Zanzibar, yenye mizizi ya Kiarabu, inajua sauti zinazokaa katikati ya freti. Udi hauna freti, unaziruhusu; gitaa linazipita.

Dakika 15 kwa siku

Haya ndiyo mazoezi niliyoyafanya baada ya aibu ile. Hayahitaji mwalimu wala kifaa cha bei.

*Kwanza, tuni kwa kusikiliza mawimbi.* Tumia programu ya simu kwa uzi wa sita tu, ule mnene. Halafu bonyeza freti yake ya 5: inatoa hezi 110, sawa na uzi wa tano mtupu. Piga zote mbili pamoja. Kama uzi wa tano uko 108, utasikia sauti inavimba na kunywea, uo-uo-uo, mara mbili kwa sekunde, maana 110 kutoa 108 ni 2. Kaza polepole. Mawimbi yanapungua kasi, yanapungua, mpaka yanatulia. Endelea hivyo nyuzi zote kwa freti ya 5, isipokuwa ukiutuni uzi wa pili, hapo unabonyeza freti ya 4 ya uzi wa tatu. Joto letu linalegeza nyuzi, kwa hiyo fanya kila siku. Ni zoezi lenyewe la sikio.

*Pili, sauti itangulie kidole.* Piga do. Imba re kwanza, ndipo uibonyeze. Ukikuta sauti yako na ya gitaa zimekutana, songa. Zikipishana, usihamishe kidole, rudi kuimba. Nenda polepole kuliko unavyotaka. Ukiona aibu kuimba, imba kwa kuguna, mradi koo lifanye kazi.

*Tatu, weka nyumbani palie.* Freti ya 5 ya uzi wa tano na uzi wa nne mtupu ni sauti moja, hezi 146.8. Acha uzi wa nne ulie kama do, na tembea kwenye uzi wa tano: 0, 2, 4, 5, 7, 9, 10, 12. Sikiliza tabia ya kila moja juu ya do inayolia. Ti inataka kupanda. Fa inataka kushuka kwenye mi. So imetulia lakini haijafika. Usikariri maneno yangu, tafuta yako.

*Nne, tafuta wimbo mmoja kwa siku kwenye uzi mmoja.* Wimbo wa kitoto, tenzi, kiitikio cha singeli, chochote unachokijua kwa moyo. Imba mpaka mwisho, tafuta unapotua, hapo ndipo do. Anza na ule wa siku ya kuzaliwa: unaanza uzi mtupu, unatua freti ya 5. Mengine nakuachia.

*Tano, mtihani wa kuchanganya.* Mwombe mtu apige do, halafu sauti nyingine yoyote ya ngazi, nawe utaje. Huna mtu? Jirekodi kwenye simu sauti ishirini bila mpangilio, sikiliza kesho yake. Anza na tatu tu: do, mi, so. Ongeza moja ukipata nane kati ya kumi.

Ukifika kunakili nyimbo za dansi, vaa spika za masikioni. Spika ndogo ya simu haiwezi kutoa vizuri sauti za chini kama hezi 82 ya uzi wa sita. Ubongo hujaza pengo kwa kutumia zile sauti za ndani, kwa hiyo unadhani unaisikia besi, ila ukitaka kuifuata noti kwa noti inakuponyoka.

Na kwa nini dakika 15 kila siku, siyo saa mbili Jumamosi? Tangu Hermann Ebbinghaus aandike kuhusu kumbukumbu mwaka 1885, majaribio mengi yamerudia kuonyesha kwamba kujifunza kulikogawanywa kwa siku kunakaa kuliko kulikolundikwa mara moja. Sikio halina njia yake ya pekee.

Mimi leo siyo mpiga gitaa. Kodi zangu, siyo za TRA, bado zinapwaya, na solo za zamani nanakili mstari mmoja kwa wiki. Lakini juzi mzee alikuwa amekaa barazani, redio ya duka la jirani ikapiga wimbo wa dansi, nami nikaguna mpaka nikapata pa kutua, nikabonyeza. Mzee hakuniangalia. Alisema tu, "Hapo. Sasa tafuta ya ridhimu," akaendelea na kahawa yake.